Nukta za buluu na ripoti zetu za koo

Ripoti nyingi za saratani ya kinywa na koo zinazoandikwa upande huu wa nchi zina mistari ile ile. Jina la ugonjwa, daraja lake, kama kingo za nyama iliyokatwa ziko safi, sahihi, muhuri. "Skwamasi seli kasinoma, daraja la kati," yaani saratani ya seli bapa za utando wa kinywa na koo. Mgonjwa anaibeba kwenye bahasha ya kaki hadi kliniki ya saratani, na huko anapangiwa upasuaji, au mionzi na dawa ya kemo iitwayo sispilatini. Mimi nafanya kazi nyuma ya pazia la ripoti hizo, hapa Kisumu, na nina lalamiko: zinaacha jambo ambalo tunaliona kila siku na ambalo kuliandika hakutuongezei gharama hata ya shilingi moja. Hazisemi kinga ya mwili wa mgonjwa ilikuwa inafanya nini pale penye uvimbe.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Ni mtu wa histolojia: nakata, napaka rangi, namkabidhi daktari wa patholojia asome. Kipande cha nyama kutoka ulimini hunifikia kikiwa ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, mara nyingi cha milimita nne au tano tu. Kinatolewa maji kwa alkoholi, kinapitishwa kwenye zailini, kinazamishwa kwenye parafini iliyoyeyuka. Nta ikiganda, hiyo ndiyo bloku. Naibana kwenye mikrotomu, nazungusha gurudumu, na kisu kinatoa utepe wa unene wa mikroni nne, ambao nauongoza kwa brashi hadi juu ya maji ya uvuguvugu. Upepo kidogo tu, utepe umejikunja. Ndiyo maana feni ya chumba chetu huzimwa hata mwezi wa Februari, na anayeijua Kisumu ya Februari hahitaji maelezo zaidi.

Halafu rangi. Slaidi ikitoka kwenye hematoksilini, rangi ya kwanza, viini vya seli huwa na zambarau iliyoiva wekundu, haipendezi. Ukiisuuza kwa maji ya bomba yanayotiririka, inageuka buluu ukiiangalia, kwa kuwa maji hayo yana alkali kidogo. Siku bomba zikikauka, na hukauka, tunatumia maji yenye matone machache ya amonia. Mwisho ni eosini, inayotia waridi kila kilichobaki. Mchanganyiko huu wa rangi mbili ni wa karne ya 19, na mpaka leo sijaona kitu cha bei ya chini namna hiyo kinachosema mengi hivyo.

Sasa weka slaidi ya uvimbe wa ulimi chini ya hadubini. Saratani yenyewe ni visiwa vya waridi, katikati vikiwa na miviringo ya keratini iliyokauka tunayoiita lulu. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna tishu ya kushikilia, stroma. Na ndani ya hiyo stroma, kwa wagonjwa wengine, utaona nukta ndogo za mviringo, buluu iliyokolea, zimejaa tele. Hizo ni limfosaiti, seli za kinga ya mwili. Kwa mgonjwa mmoja zimeingia hadi ndani ya visiwa, zimejipenyeza kati ya seli za saratani. Kwa mwingine zimekwama ukingoni kama mitumbwi ya Dunga siku gugu maji limefunga ufuo: zipo nyingi, hazisogei. Kwa wa tatu hakuna kitu, waridi tupu, utadhani mwili haukupata habari kwamba kuna adui. Wagonjwa hawa watatu wote wataondoka na ripoti moja, neno kwa neno.

Nilimwuliza daktari wetu kwa nini haandiki. Ni mtu mpole, na jibu lake lilikuwa la kweli kuliko nilivyopenda.

"Nyar Gem, nikiandika hivyo, nani atafanya nini tofauti? Mionzi ni ile ile."

"Daktari, na daraja la kati je? Nani hufanya tofauti kwa sababu ya daraja la kati?"

Akacheka, akarudi kwenye hadubini yake. Lakini suala halikuishia hapo, kwa sababu tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba jina moja tunaloliandika limebeba magonjwa zaidi ya moja.

Mwaka 2015 mradi wa Marekani unaoitwa The Cancer Genome Atlas ulichapisha uchambuzi wa vinasaba vya uvimbe 279 wa kichwa na shingo, wote skwamasi. Mgawanyiko mkubwa ulikuwa kati ya ule unaotokana na HPV, virusi vya papiloma ya binadamu, na ule wa tumbaku. Kwenye uvimbe wa wavutaji, jeni TP53, inayotengeneza protini mlinzi p53, ilikuwa imeharibika karibu kwa kila mgonjwa, na CDKN2A, jeni nyingine ya ulinzi, imezimwa. Kwenye uvimbe wa HPV, TP53 kwa kawaida ni nzima, ila haina faida: virusi vina protini E6 inayoangamiza p53, na E7 inayomfunga mikono mlinzi mwingine, Rb. Rb akishafungwa, seli inazalisha protini p16 kwa wingi, na p16 ndiyo tunayoweza kuipaka rangi maabara ili kukisia kama HPV ipo. Mwaka 2010 Ang na wenzake walionyesha uzito wa tofauti hiyo kwa saratani ya tonsili na shina la ulimi: baada ya miaka mitatu, asilimia 82.4 ya wenye HPV walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57.1 ya wasio nayo. Kuanzia toleo la nane la mwongozo wa AJCC, kamati ya Marekani inayopanga hatua za saratani, aina hizo mbili zinapangiwa hatua kwa majedwali tofauti kabisa.

Juu ya hapo kuna mgawanyo wa jeni gani zinafanya kazi na zipi zimelala, nao umetoa makundi manne: besali, mesenkima, klasiki, na lile waliloliita lisilo la kawaida, ambalo HPV hujaa humo. Klasiki ndilo la wavutaji sugu, huonekana sana kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti, na huwa na limfosaiti chache. Mesenkima lina stroma nyingi na seli za kinga nyingi pia, lakini zikiwa zimezungukwa na nyuzi zinazozifunga njia. Mimi sina mashine ya kusoma jeni na sitakuwa nayo. Ila hebu tazama: tofauti kati ya makundi hayo, sehemu kubwa yake, ni zile nukta. Uvimbe wa HPV kwa wastani una seli T nyingi zaidi na seli B nyingi zaidi, ambazo zote ni aina za limfosaiti, kwa sababu protini za virusi ni ngeni na mwili unazitambua. Na hata ndani ya kundi moja, iwe HPV iwe tumbaku, wenye seli T aina ya CD8, zile zinazoua, kwa wingi wameonekana kuishi muda mrefu zaidi.

Hapo nitamtetea daktari wetu kidogo, maana nukta si habari njema siku zote. Chini ya rangi ya kawaida limfosaiti zote ni sura moja. CD8 inayoua seli ya saratani na seli T ya FOXP3 inayotuliza vita zinafanana kwa macho. Kuzitenganisha unahitaji kingamwili za kupakia rangi, na kila kichupa kina bei yake. Makrofeji nazo, seli za kinga zinazomeza uchafu, zile zenye alama ya CD163, mara nyingi ziko upande wa uvimbe. Na wapo watu wetu wa kanda hii ambao buluu yenyewe ndiyo ugonjwa. Uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na ambao wazazi wa kando ya ziwa wanaujua vizuri, ni limfoma: bahari ya limfosaiti zilizoasi, na makrofeji nyeupe zimetawanyika humo. Mtu akiangalia haraka na kusema "kinga ni nyingi," amesoma kinyume.

Lililonifanya nisiache jambo hili ni shemeji yangu.

Watu wa mume wangu ni Wanandi. Mdogo wake, kijana asiyevuta wala kunywa, alitoka uvimbe shingoni chini ya sikio. Pua upande mmoja imeziba, sikio la upande huo linavuma. Kliniki moja ambayo sitaitaja ilisema ni TB ya tezi, ikamwanzishia dawa bila kuchukua kipande. Aliendelea nazo miezi kadhaa, uvimbe ukizidi kukua. Alipokuja kwangu Kisumu kwa harusi ya binamu yetu nilimshika shingo pale pale uani, nikamwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba kesho huyu harudi nyumbani. Shemeji akasikia. "Sasa mama, hata pilau nisile kwa amani?"

Kipande kilichukuliwa nyuma ya pua, si shingoni tu. Nilikikata mwenyewe. Slaidi ilikuwa buluu kuanzia pembe hadi pembe, na daktari wa kwanza kuiona alidhani limfoma. Ukikaza macho tu ndipo ulipoona, zimezama katikati ya limfosaiti, seli kubwa zenye kiini chepesi na kinukta wazi ndani yake. Tulipopaka rangi ya saitokeratini, protini ya seli za utando ambayo limfosaiti hazina, seli hizo zikawaka kahawia, zikiwa zimeshikana mikono kwenye vikundi, na limfosaiti zikabaki nyuma yao. Saratani ya nasofarinksi, yaani ya koo la nyuma ya pua, ile isiyotofautika. Mnamo 1921 Regaud huko Ufaransa na Schmincke huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, waliielezea saratani hii iliyochanganyika na limfosaiti kiasi kwamba jina lake la zamani liliunganisha vyote viwili. Miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo Peter Clifford, aliyefanya kazi Nairobi, aliifuatilia miongoni mwa watu wa nyanda za juu za Kenya, na alishuku pia moshi wa kuni ndani ya nyumba zisizo na njia ya hewa. Virusi vya Epstein-Barr, vile vile vinavyohusishwa na uvimbe wa taya wa watoto wa ziwa, vimo ndani ya karibu kila seli ya saratani hiyo.

Sasa ona ajabu yake. Uvimbe umejaa askari wa mwili na bado unakua. Sababu mojawapo ni kwamba seli za saratani hizi huvaa protini PD-L1, ambayo ikigusa PD-1 iliyo juu ya seli T, seli T inatulia. Ugunduzi wa breki za namna hii ndio uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa za kuachilia breki hiyo zipo hata kwa nasofarinksi; toripalimabu ilikubaliwa Marekani Oktoba 2023. Shemeji hakuihitaji. Alipata mionzi na sispilatini Eldoret, mate yake yamebaki machache, hula ugali na supu nyingi, na yuko shambani kwake kwenye majani ya chai.

Kwa hiyo swali la "nani atafanya nini" nalichukulia kwa uzito, na jibu langu kwa daktari sasa ni la kazi ya mikono.

Mgonjwa ambaye saratani yake ya kinywa imerudi au imesambaa anaweza kuambiwa apimwe PD-L1. Kipimo hicho hatukifanyi hapa kwetu. Bloku inaenda Nairobi kama kifurushi cha basi, na mimi ndiye ninayemsihi kijana wa vifurushi asiiweke juu ya injini, nta ile. Familia inachangisha pesa hizo kwa shida. Alama inayotafutwa inaitwa CPS: unahesabu seli zote zilizopokea rangi, za saratani pamoja na limfosaiti na makrofeji, unagawanya kwa idadi ya seli hai za saratani, unazidisha kwa 100. Tazama vizuri hesabu hiyo. Nukta za buluu zimo ndani yake. Na angalau seli hai 100 za saratani lazima ziwepo, la sivyo kipimo ni batili.

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji ana bloku nyingi kabatini. Nani anachagua ipi iende? Mimi, au mwenzangu aliye zamu. Kama ripoti ingesema bloku ipi ina uvimbe hai na limfosaiti zilizoingia, na ipi ni nyama iliyooza katikati, nisingechagua kwa kubahatisha wala kumsumbua daktari afungue kila slaidi upya. Mstari mmoja kwenye ripoti, na pesa za ng'ombe wawili hazipotei kwa bloku isiyofaa. Ndiyo, nimesema ng'ombe. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa kipimo, na majibu yakarudi "sampuli haitoshi".

Na majibu yana maana. Katika jaribio la KEYNOTE-048, lililochapishwa 2019, wagonjwa wenye CPS ya 20 kwenda juu waliopewa pembrolizumabu, dawa ya kuachilia breki ile ya PD-1, peke yake waliishi miezi 14.9 kwa kipimo cha katikati, wakati waliopewa setuksimabu, kingamwili ya kulenga seli za saratani, na kemo waliishi 10.7. Kabla yake, 2016, nivolumabu, dawa ya aina hiyo hiyo, ilionyesha asilimia 36 hai baada ya mwaka mmoja dhidi ya 16.6 kwa waliopewa dawa za kawaida. Hizi si namba za kupigia vigelegele, ila kwa aliyekuwa amemaliza njia zote ni kitu. Bei ya dawa hizo kwa mwananchi wa Nyalenda ni hadithi nyingine na sina hamu nayo leo.

Jambo la p16 nalo linanikera. Wapo wanaosema tuanze kuipaka rangi kwa kila koo, ikionekana tuseme ni HPV na mgonjwa apunguziwe ukali wa tiba. Hapana. Kwanza, majaribio mawili makubwa yaliyotoka 2018 yalijaribu kuondoa sispilatini na kuweka setuksimabu kwa wenye HPV, na wagonjwa wakafanya vibaya zaidi. Pili, Marekani inakisiwa asilimia 70 hivi ya saratani za koromeo la kati, penye tonsili na shina la ulimi, zinatokana na HPV. Tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zimekuta sehemu ndogo zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 7,000 ulikuta kwamba kwa karibu mmoja kati ya kumi, p16 na kipimo chenyewe cha virusi havikukubaliana, na kutokukubaliana kulikuwa kwingi mahali ambapo HPV ni chache. Yaani p16 iliyowaka Kisumu haina uhakika ule ule wa iliyowaka Houston. Wengi wanaotufikia hapa ni wa sigara na chang'aa, na vitu hivyo viwili vikikutana mdomoni hatari yake huzidi jumla ya kila kimoja peke yake.

Kuhesabu nukta kuna kanuni zake, na ziko wazi tangu kundi la kimataifa la kazi hiyo lilipozitoa mwaka 2017 kwa uvimbe wa aina nyingi, kichwa na shingo vikiwemo. Nukta hazihesabiwi moja moja. Unakadiria ni asilimia ngapi ya eneo la stroma, ndani ya mipaka ya uvimbe, limefunikwa na limfosaiti na seli za plasma. Nyutrofili, seli za kinga zinazokimbilia bakteria, hazihesabiwi, na kinywani utaziona nyingi, kwa sababu kidonda kimeoza juu na meno ni mabovu, hiyo ni vita ya bakteria. Eneo lililokufa unaliruka. Na mtego mkubwa kuliko yote ni tonsili. Tonsili na shina la ulimi ni makazi ya limfosaiti tangu kuzaliwa. Ukikuta buluu pale hujui kama zimekuja kupigana au zilikuwa zimeketi nyumbani kwao, na ndiyo maana lazima nijue kipande kimetoka wapi.

Hapo sasa nawageukia ninyi mnaojaza fomu. Fomu inakuja imeandikwa "uvimbe, koo". Koo ipi? Tonsili, zoloto, nyuma ya pua, ukuta wa koromeo? Anavuta? Alivuta miaka mingapi? Kipande kimeingia kwenye formalini saa ngapi? Formalini iliyochanganywa kwa macho, na kipande kilichokaa humo wiki nzima kikingoja gari la Homa Bay, hakitapokea rangi ya PD-L1 vizuri hata kikifika Nairobi kwa ndege.

Daktari wetu amekubali nusu. Mstari mmoja utaingia kwenye ripoti za ulimi, shavu na fizi, ambako tonsili haituchanganyi: asilimia ya stroma, kama zimeingia au zimebaki ukingoni, na namba ya bloku bora. Sharti lake ni kwamba kwanza tusome slaidi zilizopo kabatini wawili wawili bila kuonana, yeye na mwanapatholojia mwenzake, ili ajue wanatofautiana kwa kiasi gani. Slaidi za kwanza za shavu nilizitoa Jumatatu. Yeye alisema asilimia 10, mwenzake akasema 40, na sasa wanabishana kama sehemu ile ya pembeni ilikuwa ndani ya mpaka wa uvimbe au nje.